Msiifute chipu kwanza: jinsi tulivyotafuta ugonjwa wa laptopu ya kikundi

Mara nyingi tukiandika hapa tunaandika kuhusu safari, kuhusu shule, kuhusu nyumbani. Leo tunaandika kuhusu laptopu moja. Msikimbie bana, hata kama kompyuta si mambo yenu. Ndani ya hiyo laptopu kulikuwa na karatasi za watu, na ninyi mnajua karatasi ni nini kwa mtu aliyekimbia.

Kikundi chetu kina laptopu tatu za mitumba tulizopewa. Zote zinatumia Linux, kwa sababu ni ya bure na inakubali mashine zilizozeeka. Mbili ni za kufundishia watoto kuandika na kutumia intaneti. Ya tatu tunaiita Sanduku. Humo tumeskani vyeti vya shule, vya kuzaliwa na vya kubatizwa, barua za kazi, na picha za familia za majirani zetu. Kuna mama ambaye cheti chake cha ndoa kiliungua pamoja na nyumba. Kilichobaki ni picha aliyokuwa ameipiga kwa simu, na simu yenyewe ilikuwa inakufa. Tuliihamishia kwenye Sanduku. Kuna dada mwenye diploma ya serikali ya Congo ambayo imekunjwa mara nyingi mpaka maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Skani yake ndiyo inasomeka kuliko karatasi.

Kwa kuwa vitu hivyo si vya kila mtu kuona, diski ya Sanduku imefungwa kwa siri. Ukiitoa na kuichomeka kwenye mashine nyingine, utaona takataka tu. Ufunguo wake unalindwa na chipu ndogo ya ulinzi iliyo kwenye bodi ya laptopu, inaitwa TPM. Kazi yake ni kutunza funguo na kuangalia kama mashine imewaka kwa hali ileile iliyozoea. Ikiona hali ni ileile, inaachilia ufunguo, diski inafunguka. Ikiona mambo yamebadilika, inakataa. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinayo, na Windows 11 iliyotoka mwaka 2021 inadai TPM ya toleo la 2.0.

Sasa, katikati ya Agosti 2023, baada ya kusasisha mfumo, Sanduku likaanza kuchelewa. Zamani lilikuwa linawaka kwa chini ya dakika moja. Sasa lilikuwa linakaa dakika saba, nane, skrini nyeusi, halafu linafunguka kama hakuna kilichotokea. Kulizima nako kukawa hivyohivyo. Siku mbili tulivumilia. Asubuhi ya tatu halikufunguka kabisa. Liliomba neno la siri la akiba. Neno hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi aliyoondoka nayo mwenzetu aliyepelekwa Canada, na wiki ile namba yake ilikuwa haipatikani. Tulizima, tukawasha tena, likafunguka baada ya kusubiri sana. Lakini moyo ulikuwa umeshashtuka. Yaani siku yoyote lingeweza kukataa moja kwa moja. Na yule dada wa diploma alikuwa na maombi ya kusoma chuo ambayo mwisho wake ulikuwa Ijumaa.

Ushauri ukaja kutoka kila upande. Mzee mmoja jirani alisikiliza feni, akatikisa kichwa: "Iyi mashini iko na mapepo. Muiache." Kaka mmoja wa duka la simu akasema, "Ile chipu muifute kwa BIOS, itakaa sawa." Mwingine akasema tufomati, tuanze upya.

Hapa ndipo tunataka msimame nasi kidogo. Kufuta TPM si kama kufuta picha kwenye simu. Ukiifuta, siri ya ndani ambayo funguo zote zilifungwa nayo inabadilishwa na mpya. Kuanzia hapo chipu yenyewe haiwezi tena kufungua ilichokifunga jana. Diski inabaki nzima, mafaili yanabaki mazima, na hakuna atakayeyasoma bila neno la akiba. Huyo kaka hakuwa na nia mbaya. Kwa mashine isiyo na diski iliyofungwa, ushauri wake usingeumiza mtu. Kwa yetu ungetuzikia vyeti vya mtaa mzima. Tukakubaliana: hakuna mtu anagusa BIOS, hakuna mtu anafomati, mpaka tujue ugonjwa uko wapi.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi: ni chombo kimekufa, au ni programu? Linux ikisasishwa, mara nyingi kerneli ya zamani, yaani ule moyo wa mfumo, haitupwi. Inabaki kwenye menyu ya kuwashia. Tukachagua ile ya zamani, 6.3. Sanduku likawaka kwa nusu dakika. Tukarudi kwenye mpya, 6.4, dakika nane. Tukarudia mara mbili ili tusidanganywe na bahati. Jibu lilikuwa lilelile. Basi chipu haikufa, na diski haikufa. Kilichobadilika ni jinsi kerneli mpya inavyozungumza na chipu.

Tukiwa kwenye ile ya zamani, kabla ya lolote, tulinakili mafaili yote kwenye diski ya nje na kuifunga kwa neno la siri. Diploma ya dada ilitumwa siku hiyohiyo, Jumatano. Baada ya hapo tulikuwa na nafasi ya kuchunguza bila mikono kutetemeka.

Sasa tueleze kidogo jinsi kompyuta inavyojua kwamba chipu imemaliza kazi. Ziko njia mbili, na sisi wakimbizi tunazijua zote. Njia ya kwanza ni kwenda ofisini kila siku kuuliza, "Jina langu limetoka?" Bado. Kesho unarudi. "Limetoka?" Bado. Kwenye kompyuta prosesa inaichungulia chipu kila baada ya muda mfupi: umemaliza? umemaliza? Njia ya pili ni kukaa nyumbani ufanye shughuli zako, na ofisi ikupigie simu jina likitoka. Kwenye kompyuta simu hiyo inaitwa katizo. Chipu inavuta njia yake ya umeme, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inamwita draiva wa chipu, draiva anakuja kuuliza kuna nini, anashughulikia, kisha anaiambia chipu, "Nimesikia, shusha mkono."

Njia ya pili ni nzuri zaidi, kama simu inafanya kazi. Shida inaanza pale simu inapolia, mtu anapokea, na upande wa pili hakuna anayeongea. Anakata, inalia tena papo hapo. Anapokea, kimya. Maelfu ya mara kwa sekunde. Wenye kazi hiyo wanaita dhoruba ya makatizo.

Tuliingia kwenye kerneli mpya, tukasubiri ifunguke, tukafungua faili la /proc/interrupts. Humo kuna orodha ya kila njia ya katizo na imelia mara ngapi. Kibodi ilikuwa na mamia. Kwenye mstari namba 28, ulioandikwa tpm0, kulikuwa na zaidi kidogo ya 100,000. Chipu ambayo tunaiomba ufunguo mara moja asubuhi ilikuwa imeita mara laki moja! Kwenye kerneli ya zamani mstari huo haukuwepo kabisa. Ilikuwa inatumia njia ya kuchungulia tu.

Halafu tukasoma daftari la kerneli kwa amri ya journalctl -k. Kati ya mistari mingi tukakuta huu: irq 28: nobody cared. Chini yake: Disabling IRQ #28. Kwa Kiswahili: katizo la 28, hakuna aliyejali, tunalizima. Dada mmoja wetu alicheka, akasema, "Njo sisi hao."

Lakini maneno hayo yana maana kamili, si matusi. Kerneli ina sheria yake. Inahesabu makatizo ya kila njia. Kati ya 100,000 ya mwisho, kama 99,900 yalipokelewa na kila draiva aliyeitwa akajibu "si langu", kerneli inaamua kwamba njia hiyo imeharibika na inaifunga, ili mashine yote isife kwa ajili ya kengele moja. Ndiyo maana hesabu yetu ilisimama karibu na laki moja. Ililia mpaka ikafikia kikomo, ikanyamazishwa.

Basi kwa nini dakika nane? Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, jioni mbili, tukisoma na kubishana. Jibu ni hili. Kerneli ilifunga njia, lakini draiva aliendelea kuamini kwamba atapigiwa simu. Kila alipoipa chipu amri, alikaa kusubiri katizo. Halikuja, maana njia ilikuwa imekatwa. Akasubiri mpaka muda wote aliopewa ukaisha. Ndipo akainua macho kuangalia chipu, na akakuta kazi ilikwisha zamani. Akachukua jibu, akatoa amri inayofuata, akakaa kusubiri tena. Kufungua diski kunahitaji amri kadhaa. Jumlisha hizo subira, unapata dakika nane. Na siku ambayo subira ilizidi uvumilivu wa programu inayofungua diski, programu hiyo ilikata tamaa na kuomba neno la akiba. Hakukuwa na pepo.

Kwa nini chipu ivute mkono bila kuwa na la kusema? Sababu zinatofautiana kwa mashine. Mara nyingine watengenezaji wa laptopu huandika kwenye jedwali la BIOS kwamba katizo la chipu liko kwenye njia fulani na linasomwa kwa namna fulani, kumbe waya kwenye bodi hazikuungwa hivyo. Draiva anaamini jedwali, na jedwali linadanganya. Kwa miaka mingi hilo halikuonekana, kwa kuwa draiva wa TPM kwenye Linux alikuwa akijaribu katizo, likishindwa anarudi kuchungulia, na maisha yanaendelea. Kati ya 2019 na 2020 watengenezaji wa kerneli walirekebisha sehemu yake ili makatizo yafanye kazi, dhoruba zikatokea kwenye baadhi ya laptopu, wakarudisha nyuma. Toleo la 6.4, lililotoka Juni 2023, lilikuja na marekebisho makubwa zaidi, makatizo yakafufuka tena, na dhoruba nazo zikafufuka.

Katika marekebisho hayo kuna kimoja kilichotugusa. Ili chipu ikubali kushusha mkono, anayeiambia lazima awe ameshika kwanza idhini ya kuzungumza nayo. Chipu ina milango ya idhini, namba 0 hadi 4. Zamani draiva alikuwa anaweza kuja kupokea katizo bila kushika idhini. Anaandika "nimesikia", chipu haimsikilizi, mkono unabaki juu. Sasa wakaweka kwamba lazima ashike idhini kwanza. Tuliposoma hilo tulikaa kimya kidogo. Mara ngapi tumepokelewa na mtu mwenye adabu, akasikiliza, akaandika kwenye daftari, na hakuna kilichobadilika kwa sababu hakuwa na mamlaka ya kufunga jambo? Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na idhini tu.

Tiba yetu ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Kwenye menyu ya kuwashia tulibonyeza herufi e, tukaenda mwisho wa mstari wa maagizo ya kerneli, tukaongeza: tpm_tis.interrupts=0. Maana yake, draiva, usisubiri simu, nenda ukachungulie mwenyewe. Badiliko la namna hiyo ni la kuwaka mara moja tu. Likiharibu, unazima na unarudi ulikotoka. Kerneli mpya ikawaka kwa nusu dakika. Mstari wa tpm0 ukatoweka kwenye orodha, na lile neno la hakuna aliyejali halikuonekana tena. Tukawasha na kuzima mara tano. Kisha ndipo tukaliandika agizo hilo liwe la kudumu.

Angalizo kwa watakaofuata njia hii: ufunguo wetu ulifungwa kwa hali ya Secure Boot tu, ndiyo maana kuongeza neno kwenye mstari wa maagizo hakukuifanya chipu ikatae. Kama wenu umefungwa pia kwa mstari huo wa maagizo, chipu itaona mabadiliko na itadai neno la akiba. Hakikisheni mnalo mkononi kabla ya kubonyeza chochote. Sisi siku hiyohiyo tulitengeneza la akiba jipya kwa amri ya systemd-cryptenroll, chaguo la --recovery-key. Nakala moja iko kwa mama anayetunza hazina ya kikundi, nyingine iko mtaa mwingine, kwenye bahasha iliyofungwa. Mtu mmoja akipata safari, na tunaomba kila mtu apate, neno halitapanda ndege naye peke yake.

Mtu anaweza kuuliza, je, kuchungulia si kupoteza nguvu za betri? Kwa chipu inayoulizwa mara chache kwa siku, hapana, hata hutaona tofauti. Watengenezaji wenyewe walifika hapohapo. Katika toleo la 6.5, lililotoka mwishoni mwa Agosti 2023, waliweka ulinzi kwamba draiva mwenyewe akipata makatizo 1000 yasiyo na mwenyewe kwa mfululizo, aache kuyasubiri na arudi kuchungulia. Pia wakaamua kwamba kwa kawaida makatizo ya chipu hii yawe yamezimwa, na anayeyataka ayawashe mwenyewe. Sanduku lilipopata toleo hilo tulifuta lile neno letu, likaendelea kuwaka vizuri. Kumbe wakati sisi tunabishana usiku na taa ya sola Nakivale, watu tusiowajua walikuwa kwenye shida ileile na wameshaandika dawa.

Tunaandika haya kwa sababu mbili. Moja ni ya kazi: wengi wenu mna laptopu za msaada zenye Linux na chipu ya aina hii. Zikianza kuchelewa baada ya kusasisha, jaribuni kwanza kerneli ya zamani, nakilini mafaili, someni /proc/interrupts na daftari la kerneli, kisha jaribuni badiliko ambalo linaweza kurudishwa nyuma. Kufuta chipu kuje mwisho kabisa, au kusije.

Ya pili ni ya sisi kwa sisi. Kila aliyetushauri alitaka kelele ziishe. Tufute, tufomati, tutupe. Kunyamazisha ni rahisi, hata kerneli ilifanya hivyo kwa kufunga njia, na mashine ikazidi kuwa nzito. Ugonjwa ulionekana pale tulipouliza: nani anaita, anayepokea ni nani, na huyo anayepokea ana uwezo wa kumaliza jambo? Tukianza kuulizana hivyo pia kwenye kamati zetu, kwenye foleni za maji, kwenye ugomvi wa vijana na wazee, tutajua ni wapi pa kupeleka shida badala ya kumwambia mwenye shida anyamaze.

Dada wa diploma alijibiwa Oktoba. Amepata nafasi. Mama wa cheti cha ndoa alikuja wiki iliyopita kuomba nakala, tukaichapisha, akaiangalia muda mrefu, akaikunja mara moja tu, kwa uangalifu, akaenda nayo. Hakutuuliza habari za chipu, na hakuwa na haja ya kuuliza.

Wenye mashine zinazosumbua, zileteni Base Camp siku ya Jumamosi. Tutaziangalia pamoja.